Zipu haipunguzi uzito wa skani, waajiri waelewe

Mhariri,

Tangazo la kazi likitoka, saiba yangu, duka la huduma za kompyuta na intaneti, hapa Kayole hujaa vijana wenye bahasha za kaki. La majuzi liliwataka wapige skani kitambulisho, cheti cha KCSE (mtihani wa kidato cha nne), cheti cha mwenendo mwema, na zile stakabadhi za KRA (kodi), HELB (mkopo wa masomo), EACC (maadili) na CRB (madeni), watie zote kwenye folda moja, waifinye iwe zipu, yaani faili moja iliyobanwa, tena isizidi megabaiti 5. Ofisi hiyo siitaji, maana haiko peke yake.

Kuifinya folda si kazi. Nina programu fupi niliyoiandika kwa Python, lugha ya kompyuta, inayotumia amri yake ya shutil.make_archive, na zipu huwa tayari kabla mteja hajapokea chenji. Balaa ni uzito: folda inaingia na megabaiti 18, inatoka na 17 na ushee. Hapo mteja hunitazama kama niliyemlia pesa.

Zipu ilianza Marekani mwaka 1989 kwa mkono wa Phil Katz. Ufinyaji wake wa kawaida umejengwa juu ya kazi ya Abraham Lempel na Jacob Ziv ya 1977: kipande cha data kikijirudia hakiandikwi upya, huwekwa alama fupi ya kuonyesha kilipotokea awali. Ndiyo maana orodha ya wanachama wa chama, yenye "Kayole, Nairobi" kila mstari, hunywea sana. Skani ya cheti kwa kawaida ni JPEG, aina ya faili ya picha, nayo JPEG imekwisha kufinywa tangu ilipohifadhiwa. PDF ya skani nayo mara nyingi hubeba JPEG hiyo hiyo tumboni. Kuitia kwenye zipu ni kukamua chungwa lililokwisha kukamuliwa. Hata faili ya Word ya docx, kwa wasiojua, ni zipu kwa ndani.

(Nyinyi wanafunzi wa kompyuta mnaonijia mkilia kwamba programu zenu hazifinyi chochote: moduli ya Python iitwayo zipfile, usipoiambia ZIP_DEFLATED (yaani ifinye), hufungasha tu. Na msihifadhi zipu ndani ya folda ile ile mnayoifinya, itaanza kujimeza.)

Kinachopunguza uzito ni skani yenyewe. Ukishuka kutoka dpi (nukta kwa kila inchi) 600 hadi 150, nukta za picha hupungua mara 16, na ukiacha rangi ukatumia kijivu, mzigo unapungua zaidi. Gredi na nambari ya mtihani bado zitasomeka bila taabu. Lakini kijana aliyekwisha kulipia skani za rangi kwingine hana budi kulipia upya kwangu, jioni ya siku ya mwisho, huku mtandao nao umeanza kukwama.

Kwa nini tangazo lisiseme wazi: skani ya kijivu, dpi 150, kila hati PDF yake? Anayetaka folda moja kwa ajili ya mpangilio wake na aitake, zipu inafaa kwa hilo. Ila asiwabebeshe wasio na kazi sharti la megabaiti ambalo yeye mwenyewe hajalijaribu.

Likija jingine la namna hiyo, nitalibandika mlangoni pamoja na nambari ya simu ya ofisi iliyolitoa, wateja waulize huko.

Mwenye saiba,
Kayole, Nairobi