Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni wa Heshima, Malindi

Mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wenzetu, asalam aleikum, karibuni sana na poleni na hili joto.

Sisi wa klabu ya sayansi mwaka huu tumeshikwa na kitu ambacho hatujawahi kukiona, na ile hadubini yetu moja haitatuonyesha, nacho ni vifuko vya bakteria. Bakteria kama wa kipindupindu ana utando wa nje, sasa ule utando huvimba pahali, ukatoa kama kipele, kikakatika kikaenda zake, na ndani kimebeba protini, sumu, saa nyingine hata vipande vya DNA. Ukubwa wake nanomita 20 hadi 250 hivi, na milimita moja ina nanomita milioni moja, kwa hivyo mtu asitulaumu.

Hapa Malindi ukitaka kumpelekea shangazi maembe Nairobi si lazima usafiri, unapeleka mzigo stejini basi linabeba. Bakteria naye ndo hivyo hivyo. Yeye yuko kule, seli ya utumbo iko huku, kifuko kinafika, seli inakimeza yenyewe kumbe ndani mna sumu. Vingine ni vya kuzubaisha tu, yaani dawa au virusi vinavyoshambulia bakteria vinanasa kwa kifuko, mwenyewe anasalimika. Mjanja huyu!

Lakini si vyote vya shari. Kuna ngisi mdogo wa Hawaii anayewaka usiku kwa sababu ya bakteria anaokaa nao, na vifuko vya bakteria hao huchangia kukikomaza kile kiungo chake cha mwanga (tulipowaambia wavuvi wetu walicheka mpaka basi). Halafu wataalamu wakaona, kama mwili unakitambua kifuko na kifuko chenyewe hakizaani, si kitumike kuwa chanjo? Nyuzilandi walianza kuchanja watoto na vijana hivyo mwaka wa 2004, dhidi ya homa ya uti wa mgongo.

Sasa ombi letu, mgeni. KEMRI, wale wa taasisi ya utafiti wa tiba, wako Kilifi hapo tu, tungependa twende tukawaulize ana kwa ana manake mwalimu wetu wa bayolojia ashachoka na maswali yetu. Tunaomba nauli ya matatu moja, kwenda na kurudi. Chakula tutabeba wenyewe.

Ni sisi, wanachama wa klabu.