Jumamosi Nyegezi: kima cha chini cha mwalimu

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana Nyegezi, pale pale pa siku zote. Wa Ukerewe, wahini usafiri wa asubuhi.

Ajenda ni moja. Mei Mosi 2025 kule Singida, Rais alitangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kipande kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Tulishangilia, na ilistahili. Ila lile lilikuwa tangazo. Wenzetu wa sekta binafsi wana amri ya mishahara, yaani kima chao kimeandikwa kisheria, chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Sisi kila mwaka tunaisubiri Mei Mosi kama mvuvi wa dagaa anavyosubiri mwezi uzame. Tena hiyo 500,000 ni ya mtumishi yeyote, haimtaji mwalimu. Mimi nataka kima chetu walimu kiandikwe kwenye sheria na kipitiwe kila miaka mitatu. Mwenye wazo tofauti aje nalo, ila zile jumbe za sauti za dakika tisa usiku wa manane, jamani hapana.

Njooni na slipu ya mshahara ya mwezi uliopita, jina ukunje ukitaka. Tuanze na makato.