Shukrani kwa fundi aliyetuzuia kushika msasa
Fundi ambaye hukutaja jina, ahsante sana. Tulipotaka kuondoa mkwaruzo kwenye laptopu, ulituuliza kwanza: ganda lake la nje ni alumini au plastiki? Kumbe jibu zima limo humo. Alumini ya rangi kwa kawaida imeanodaiziwa, yaani uso wake umegeuzwa kwa umeme kuwa utando mwembamba wa oksaidi. Rangi imo ndani ya utando huo. Ukisugua kwa msasa au dawa ya meno (ushauri unaosambaa kweli huo!), unauondoa utando wenyewe, linabaki baka linalong'aa lisilorudi. Mkwaruzo wa alumini ni wa kufichwa tu: zima laptopu, futa kwa spiriti ya 70%, ikikauka bandika stika ya vinili kuanzia katikati kwenda pembeni, pembe zipashe kidogo kwa draya. Matundu ya hewa yaachwe wazi.

Plastiki inayong'aa, isiyopakwa rangi, ndiyo inayokubali kusuguliwa: msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, mwisho polishi ya plastiki kwa kitambaa laini. Plastiki yenye uso wa chembechembe usiiguse, itang'aa kama kipara. Na asetoni ya kutolea rangi ya kucha huyeyusha plastiki ya ABS, aina ngumu inayotumika kwenye maganda ya laptopu. Chupa tulishaishika mkononi. Mungu akuzidishie, fundi.