Barua kwa mwanangu aliye misioni

Kimara, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa Atupele,

Mwanakondoo ameshinda! Sisi hatujambo, kwa kadiri ya neema ya Bwana.

Mchungaji anayekuletea barua hii anapanda treni ya Kigoma keshokutwa, kisha atavuka ziwa hadi huko kwenu Kalemie, Kongo. Nimeona niandike kwa kalamu kwa sababu simu yako hukatika kila tunapofika penye jambo la maana, na swali uliloniuliza Jumapili halijibiki vipandevipande. Umeuliza kama urudi nyumbani. Kabla sijakujibu, nikueleze kwanza hali ya mama yako ilivyo, bila kupunguza.

Figo zake zote mbili zimeshindwa kazi. Daktari ametuambia ni presha ya miaka mingi iliyoziharibu, na kwamba hazitarudi kama zamani. Damu yake sasa inasafishwa kwa mashine pale Muhimbili, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kila anapokwenda hukaa kwenye kiti kile kwa muda wa saa nne. Tunapanda mwendokasi alfajiri kabla watu hawajajaa, tunashuka Fire, tunamalizia na bajaji. Kurudi ndiko kugumu, maana anatoka amelegea, kichwa kinamuuma, hataki hata kuongea. Siku inayofuata ndiyo anakuwa mama yako unayemjua, anauliza nani kafagia uwanja na kwa nini kafagia vibaya.

Mkono wake wa kushoto walimfanyia upasuaji mdogo, wakaunganisha mishipa miwili ya damu ili mmoja upanuke na kustahimili sindano za mashine. Mkono huo haupimwi presha, haubebi ndoo, haulaliwi. Kila asubuhi, kabla hajasalimia mtu, huweka vidole viwili juu ya kovu na kutulia. Pale chini pana mtetemo usiokoma, kama simu inayoita ikiwa imezimwa sauti. Ukiwapo, damu inapita vizuri. Ukipotea, ni kwenda hospitali siku hiyohiyo. Lusajo amefundishwa kuugusa, nami pia, na sasa mtoto yule haondoki kwenda shule kabla hajauhakikisha.

Chakula nacho kimebadilika. Dafu, ambalo mama yako hakuwa akilipita akiliona njiani, limekatazwa kabisa, kwa kuwa lina potasiamu nyingi, na figo zisipoitoa inaweza kusimamisha moyo. Ndizi za kutoka Tukuyu tunazimenya, tunazikatakata, tunazichemsha kwa maji mengi, tunayamwaga, ndipo tunaziunga, na bado anaruhusiwa kidogo tu. Maji anapimiwa kwa kikombe, na joto hili la Dar unalijua. Yakizidi huvimba miguu na kubanwa pumzi usiku. Hajalalamika. Ila nimemwona akishika kipande cha barafu mdomoni, amefumba macho, nikatoka nje.

Sasa umejua kama ninavyojua mimi. Shangazi yako na wazee kadhaa wa ukoo walishauri usiambiwe. Walisema mtoto yuko kwenye kazi ya Bwana, mkimwambia mtamvuruga, mwambieni mama ana homa kidogo tu. Walisema hivyo kwa upendo, nami nawaheshimu, lakini mimi na mama yako tumekataa. Mtu akifichwa ugonjwa wa mama yake amekwisha kutolewa nje ya familia, hata kama anapigiwa simu kila siku. Anabaki kuombea homa kidogo wakati sisi tunaombea figo.

Soma tena Wafilipi sura ya pili, habari za Epafrodito. Kanisa lilimtuma akamhudumie Paulo, akaugua hukohuko, akakaribia kufa. Wa kwao walipata habari, naye akahuzunika kwa sababu alijua wamesikia. Paulo hakuificha habari ile hata kidogo. Aliiandika waziwazi, akamrudisha nyumbani, akawaagiza wampokee kwa furaha na kumheshimu. Nimeisoma mara nyingi mwaka huu. Naona pale ugonjwa na utume vimekaa katika barua moja.

Na wazee wetu Wamoravian wa Herrnhut, kule Ujerumani, walifanya hivyohivyo. Walipoanza kutuma wamisionari mwaka 1732, barua kutoka mbali zilisomwa kwa sauti mbele ya ushirika, pamoja na habari za magonjwa na vifo. Hata wale waliofika Rungwe mwaka 1891 walimzika mwenzao aliyekufa kwa homa mwaka huohuo, na waliobaki nyumbani wakaendelea kuwaombea wakijua wanachokiombea. Wewe ni tunda la kazi ile. Babu yako alibatizwa kwa sababu kuna mtu hakurudi kwao.

Kwa hiyo nami nakudai. Ulipolazwa kwa malaria tulisikia kwa mtu mwingine, wiki nzima imepita. Mama yako aliumia kuliko anavyoumizwa na sindano. Usifanye hivyo tena, mwanangu. Ukiugua sema, ukichoka sema, ukilia usiku kwa upweke sema. Tunaweza kuyabeba.

Kuhusu kurudi, nimemuuliza mama yako peke yake, siku ya Alhamisi akiwa na nguvu, ili asijibu kwa kunifurahisha. Amesema: "Amalize muda wake. Nikimhitaji nitamwita kwa mdomo wangu, sitamtuma mtu." Hilo ndilo jibu lake, na ndilo langu. Lakini ukiona moyo wako hauwezi kukaa, njoo. Nimeshazungumza na mchungaji wetu na hakuna atakayekuhesabia kwamba umeikimbia kazi. Utapokelewa kama Epafrodito.

Uliandika pia kwamba uko tayari kutoa figo. Mama yako aliposomewa alinyamaza, kisha akaomba asomewe tena. Upandikizaji unafanyika hapahapa Muhimbili tangu mwaka 2017, na mtoaji awe ndugu. Kaka yako Tumaini ameanza vipimo, basi wewe subiri. Ila nenda zahanati ya huko ukapime presha na sukari, uniandikie namba zote. Presha ya mama yako ilianza akiwa kijana na hakuna aliyeijua, na mwenye presha hashauriwi kutoa figo.

Ibada ya nyumbani tumeihamishia saa mbili usiku, ambayo kwenu Kalemie ni saa moja. Tunasoma neno la siku kutoka kile kijitabu chetu, na wewe unacho. Mtandao ukiwapo utatusikia. Usipokuwapo, soma lilelile saa ileile, kwa sauti, umtaje mama kwa jina. Siku za mashine usimpigie jioni. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anaongea vizuri, na anapenda umhadithie habari za wale wanawake unaowafundisha kusoma. Amewakariri majina. Yule aliyeandika jina lake kwa mara ya kwanza, mama yako alimwombea hapo kwenye kiti cha mashine, na muuguzi akaitikia amina.

Kwenye mfuko kuna kitenge alichokuchagulia mwenyewe, majani ya chai ya Rungwe, miwani yako uliyoisahau, na daftari jipya. Tumaini ametuma betri ya kuchajia simu, usiiazimishe. Mchungaji atakaa Kalemie kwa juma moja kabla ya kurudi, kwa hiyo mpe majibu yako ya kwenye karatasi, pamoja na namba za presha. Mama yako anataka mwandiko wako.

Baba yako