Mwanangu, usiende Hamburg kujifungia

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, bibi yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeupata, ule unaosema ukifika Hamburg, huko Ujerumani, utanyamaza kidogo, tusikusumbue kwa simu, unataka upweke ili uandike. Na picha uliyoweka kwenye simu yako nimeiona: yule bwana wa mchoraji Mjerumani Caspar David Friedrich juu ya jabali, katupa mgongo, mbele yake bahari ya ukungu. Naandika kwa sababu ukipigiwa unajibu "sawa mama" na habari inaishia hapo.

Upweke. Leo nitausema mpaka uuchoke.

Hao watu wa ulimbwende unaowapenda, yaani wachoraji na washairi wa Ulaya wa miaka ya 1800 hivi wanaoitwa kwa Kiingereza Romantics, waliuchora upweke, wakautungia mashairi, wakauuza. Kuuishi ni jambo jingine kabisa. Wewe umewasoma vizuri kuliko wengi waliopita darasani kwangu, hilo sikunyimi, lakini umewasoma kama mtu anayetafuta ruhusa. Vitabu ulivitoa kwenye kabati langu, kwa hiyo nalaumu nikijua ninayemlaumu.

Anza na picha yako hiyo. Ni ya mwaka 1818 hivi, na iko huko huko uendako, kwenye jumba la Kunsthalle (Jumatatu hufungwa, usipoteze nauli). Utashangaa udogo wake: kimo hakifiki sentimita 95, upana karibu 75. Simama mbali kwanza, kisha sogea. Miteremko ya milima, kushoto na kulia, inashuka kuelekea kifuani kwa yule bwana, na kichwa chake kimepita juu ya ukungu. Uso hauuoni, ndiyo maana kila mtazamaji anauweka wake. Kisha tafuta njia ya kutoka kwenye jabali mpaka milima ya mbali. Haipo. Ukungu umeifuta sehemu yote ya katikati, na hofu yote ya picha ile inatoka hapo, kwenye kitu ambacho hakikuchorwa.

Usidhani Friedrich alikwea kileleni akachora alichokiona. Alizunguka milima ya mawe ya mchanga kando ya mto Elbe, kusini mashariki ya Dresden, na penseli mkononi: leo jabali hili, siku nyingine mti ule, tarehe pembeni. Jabali alilokanyaga bwana wako linatokana na mchoro wa 1813. Miaka kama mitano baadaye akayaunganisha vipande ndani ya chumba chake cha kazi. Mandhari ile nzima huipati popote duniani, maana kila mlima umetolewa kwake ukasogezwa. Na mwaka huo huo wa 1818 ndiyo alioa. Bwana mpweke alichorwa na mtu mwenye harusi.

Katika jumba hilo hilo iko picha yake ya bahari ya barafu, ya 1823 na 1824, vipande vya barafu vimesimama kama mabamba yaliyovunjika na meli imebanwa kulia, karibu usiione. Ncha ya Kaskazini hakuwahi kufika. Barafu aliisoma kwenye Elbe wakati wa baridi, akaichora kwa rangi ya mafuta, na mengine akayapata kwenye habari za wasafiri. Picha haikununuliwa mpaka alipokufa mwaka 1840. Kazi nzuri ikikosa mnunuzi, ujue hilo lilimpata na yeye.

Anayewaponza wengi ni Wordsworth, mshairi Mwingereza. Shairi lake la maua ya manjano linaanza na mtu akitembea mpweke kama wingu. Siku yenyewe, tarehe 15 Aprili 1802, kando ya ziwa Ullswater, alikuwa na dada yake Dorothy, na Dorothy ndiye aliyeandika kwenye shajara jinsi maua yalivyokuwa yakicheza na upepo, mengine yamelaza vichwa juu ya mawe. Shairi lilikuja baada ya miaka kama miwili, likachapwa 1807 likiwa na beti tatu. Mwaka 1815 akaongeza ubeti, na maua yaliyokuwa "yakicheza" katika mstari wa nne akayafanya ya dhahabu. Mistari miwili aliyoihesabu mwenyewe kuwa bora kuliko yote, ile ya jicho la ndani, ilitungwa na mkewe Mary. Dada, mke, na miaka 13 tangu siku ya maua. Wewe unataka kulimaliza kwa muhula mmoja ukiwa umefunga mlango.

Watu hukariri nusu ya kauli yake, kwamba ushairi mzuri ni hisia nzito zinazofurika zenyewe. Nusu ya pili iko papo hapo, katika utangulizi wa 1800 wa kitabu cha mashairi cha Lyrical Ballads: mtunzi awe amefikiri sana na kwa muda mrefu, na hisia ile aikumbuke baadaye akiwa ametulia. Na kitabu chenyewe, kilipotoka mara ya kwanza mwaka 1798, kilikuwa cha watu wawili, yeye na mshairi mwenzake Coleridge.

Nunua daftari dogo la mfukoni. Constable, mchoraji Mwingereza, alipokuwa akichora mawingu Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822, aliandika nyuma ya michoro tarehe, saa na upepo unakotoka. Fanya hivyo hivyo. Ukiandika "mbingu ilikuwa na huzuni" hutakuwa na cha kufanyia kazi baada ya mwezi. Ukiandika saa kumi jioni, upepo wa magharibi, mawingu ya chini yanakwenda mbio kuliko ya juu, utakuwa nacho.

Hata wale waandishi wa Jena, mji wa Ujerumani, walioanzisha jarida la Athenaeum mwaka 1798, ndugu wawili Schlegel, walikaa nyumba moja na wanawake wao Caroline na Dorothea, wakibishana mchana na usiku. Mshairi Novalis alikuwa mwenzao, na mkate wake aliupata kwenye utawala wa migodi ya chumvi. Na usiniletee Keats, yule mshairi Mwingereza aliyekufa kijana. Alikufa Roma Februari 1821, miaka 25, kwa kifua kikuu na si kwa ushairi, na rafiki yake Severn ndiye aliyempikia na kumuuguza. Kikohozi kikipita wiki mbili, nenda hospitali.

Ukitaka kitabu cha upweke, rudia riwaya ya Frankenstein. Mary Shelley alikianza akiwa na miaka 18, mwaka 1816, karibu na Geneva, mvua haikatiki na nyumba ina wageni wanaoshindana kutunga hadithi za kutisha. Kikatoka Januari 1818. Victor Frankenstein mwenyewe anakwenda ugenini kusoma, anajifungia, anaacha kuandikia nyumbani. Baba yake alikwisha mwambia: ukinyamaza nitajua na wajibu mwingine umeuacha. Kilichotoka kwenye chumba kile unakijua: zimwi.

Kazi za darasani sina wasiwasi nazo sana. Ila usifungue insha kwa orodha ya sifa: hisia, maumbile, uhuru wa mtu binafsi. Orodha hiyo inaingiza kila shairi duniani. Shika mstari mmoja au pembe moja ya picha, uulize hisia imejengwa kwa nini, nani anatazama, nini kimefichwa. Ndipo uende kwenye Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, viwanda vya Uingereza na vita vya Napoleon.

Paa la jiko linaezuliwa Jumamosi, mabati yameshafika, misumari fundi anasema haitoshi. Mdogo wako ameshaanza kuulizia kitanda chako, nimemwambia asubiri uondoke kwanza. Sweta mbili za baba yako zichukue, hazivai. Nakala za vyeti ziko kwa shangazi yako, zipitie kabla ya Alhamisi kwa sababu Ijumaa anasafiri. Na chumba tafuta cha kukaa na wenzako, jiko la pamoja, hata kama ni kelele.

Simu ni Jumapili saa mbili usiku ya huku. Huko itakuwa saa moja wakati wa joto, saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi, kwa hiyo usinambie umelala. Usipopiga, napiga mimi.

Mama yako