Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Mwanza

Ndugu Afisa Elimu wa Mkoa,

Yah: Nafasi ya swali la mwanafunzi katika masomo ya mtandaoni

Nakuandikia kutoka Ukerewe, ninakofundisha somo la Historia katika shule ya sekondari, nikileta ombi ambalo nimeona heri niliweke wazi kwa kuwa linawahusu pia wazazi.

Sina ugomvi na teknolojia. Kishikwambi nilichokabidhiwa baada ya Sensa ya mwaka 2022 ndicho ninachoandalia masomo, na katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania nimesoma vitabu ambavyo zamani ningevisubiri vije na meli. Wala kusoma bila kukaa darasani si jambo geni nchini, maana Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992, na wapo walimu waliojiendeleza humo bila kuacha vituo vyao vya kazi.

Kilichonisukuma kuandika ni kipindi kimoja cha Kidato cha Tatu. Niliwawekea wanafunzi video ya somo kuhusu Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, yenye picha nzuri na ramani safi kuliko ninayoweza kuichora ubaoni. Katikati ya maelezo, binti mmoja aliyekaa nyuma akauliza: "Mwalimu, na sisi huku ziwani, Wajerumani walitukuta tunafanya nini?" Aliuliza kwa Kiswahili, video inazungumza Kiingereza, na sauti ile ikaendelea kutaja miaka kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Niliizima. Dakika zote zilizobaki tulizitumia kwa swali lake, tukakubaliana kila mmoja akawaulize wazee wa nyumbani kwao, na kwenye sehemu ya maoni ya andalio la somo nikaandika kwamba mada haikukamilika. Mpaka leo sijui kama niliandika kweli.

Jambo hili ni la kale. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, anamwonyesha mwalimu wake Sokrates akilalamikia maandishi kwamba yanafanana na picha ya kuchorwa: imesimama kama iliyo hai, lakini ukiiuliza inanyamaza, nayo maneno yaliyoandikwa, uyahoji mara ngapi, yatarudia lile lile. (Malalamiko hayo yametufikia kwa sababu Plato aliyaandika, na hilo linanizuia nisiwe mkali mno kwa video.) Nionavyo mimi, Sokrates alikosea alipodhani maandishi yataua kumbukumbu, lakini alipatia alipoona kwamba elimu huanza pale anayefundishwa anapoweza kumkatiza anayefundisha. Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zimjengee kijana akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine huku akikataa au kurekebisha kisichomfaa. Uwezo huo haupatikani kwa kutazama tu.

Najua jibu lililopo: yapo masomo ya moja kwa moja, ambamo mwanafunzi anaweza kuuliza. Ni kweli, ila huku kwetu saa ya somo hupangwa na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitanda wavuvi hupumzika, kwa hiyo mtoto wa mwaloni, ufukweni dagaa wanaposhushwa, anayewasaidia wazazi kuanika asubuhi hana nafasi sawa katika kila juma. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na masomo yakahamia redioni na kwenye televisheni, baadhi ya wanafunzi wangu walisikia vipindi vichache tu, kwa kuwa redio ya nyumbani ilikuwa imekwenda kambi ya uvuvi na baba. Ukiongeza bei ya bando na umeme unaokatika, utaona kwamba anayebaki na uwezo wa kuuliza ni yule ambaye tayari ana mtu wa kumuuliza nyumbani.

Kwa hiyo naomba, unapopanga matumizi ya masomo ya mtandaoni mkoani, ratiba itenge muda wa mjadala baada ya kila somo lililorekodiwa, na muda huo uhesabiwe kuwa ni ufundishaji, mwalimu asionekane amechelewesha mada. Naomba pia masomo hayo yafike shuleni yakiwa yamehifadhiwa kwenye memori kadi, ili tuyasimamishe na kuyarudia bila bando. Na tunapokaa katika mafunzo endelevu ya walimu kazini, tufundishwe namna ya kulipokea swali ambalo hatuna jibu lake, maana katika semina ya vishikwambi niliyohudhuria tulijifunza kuwasha, kupakua na kutunza chaji, tukaagana.

Kipindi changu na Kidato cha Tatu ni Jumatano saa nne asubuhi. Ukipata nafasi ya kuvuka hadi Nansio, karibu ukae nyuma, karibu na binti yule. Majibu ya wazee yameanza kuja, na hayapatani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia, Ukerewe