Mabati Yale Ni ya Dada

Leicester, Uingereza
21 Januari 2025

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Shemeji, pole tena. Baba zangu wakubwa, shikamooni. Wanangu, majirani wa Hombolo na akina mama wa kanisa mliojaa hapo uani, mbukwenyi.

Barua hii nimeiandika kwa mkono, nikaipiga picha na kuituma kwenye simu ya mwanangu mkubwa. Nimemwomba aisome Jumamosi baada ya ibada ya arobaini ya dada, kabla chakula hakijapakuliwa, kwa sababu nina maneno ninayotaka yasikike kila mtu akiwa ameketi. Mwanangu, soma taratibu. Ukishindwa, mpe baba yako mdogo aendelee.

Kwanza niseme kuhusu kutokuja kwangu. Wengine mliniuliza, wengine hamkuniuliza ila najua mlisema. Kibali changu cha kazi kilikuwa kinakaribia kwisha na maombi ya kuongeza muda yalikuwa bado hayajajibiwa. Sheria ya huku ni kwamba ukitoka nchini kabla ya majibu, maombi yanahesabika umeyaondoa mwenyewe. Ningekuja kumzika dada na nisingerudi, na wazee ninaowahudumia hapa ndio wanaotulisha wengi wetu. Nililipima hilo usiku kucha. Sijui kama nililipima sawasawa.

Siku ya mazishi nilikuwa zamu. Msimamizi wangu alinifungulia chumba cha kuhifadhia mashuka nikae peke yangu na simu. Kwenu ilikuwa saa tisa alasiri, huku saa sita mchana. Mtandao ulikata mara tatu. Picha iliporudi mara ya mwisho mlikuwa mmeshafukia, na nilichoona kwenye kioo ni mkono wa mtu umeshika mpini wa jembe, na ule mchanga wetu mwekundu umelowa mvua ya usiku. Nimeutazama mkono ule mara nyingi kichwani. Kama ni wa mmoja wenu hapo, asante kwa kunisaidia kumfunika dada yangu.

Sasa niseme lililonifanya niandike.

Mama, nianze na wewe. Mwaka 2023 ulipotoka kwenye tembe ukaingia nyumba ya bati, uliwaambia watu wote, hadi wa mnadani, kwamba mtoto wako wa Ulaya kakuezekea. Ulinipigia simu unalia, ukanibariki kwa Kigogo na kwa Kiswahili, nami nikaitikia amina. Mama, mimi nilituma laki tatu. Laki tatu haiezeki nyumba ya vyumba vitatu. Nilipomuuliza dada imewezekanaje, alinijibu, “Mungu kaongeza,” halafu akageuza maneno, akaniuliza kama nimeshapata sweta zito. Mungu aliongeza kweli, ila alipitia kwenye kreti za zabibu za dada. Shemeji amekuta risiti za mabati, mbao na misumari kwenye kopo alimokuwa anaweka mbegu. Mimi sikusema uongo, lakini nilinyamaza, nikakaa nikifurahia baraka isiyo yangu. Mvua ikipiga usiku ukasikia lile bati linavyovuma, Mama, jua kwamba mabati yale ni ya dada.

La pili ni la zamani zaidi, na nimeomba ruhusa ya shemeji kulisema. Amenipa.

Mwaka 2006 nilichaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Ada ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, na hiyo ndiyo ilikuwa nafuu. Kulikuwa na godoro, tranka, ndoo, jembe, fyekeo, sare pea mbili na michango ya kila jina. Baba alikuwa ameshatangulia. Nilijua sitakwenda, na nilikuwa nimeshaanza kuzoea kujua hivyo. Ndipo dada akaja jioni moja, akaketi kwenye kigoda, akafungua fundo la kwenye pindo la kanga yake na kuzihesabu hela mbele ya Mama na baba zangu wakubwa. Zilikuwa noti ndogondogo nyingi, nyingine laini kama kitambaa kwa uchakavu, na alikuwa akizinyoosha moja moja kwenye goti kabla ya kuiweka chini. Alipomaliza akasema, “Mume wangu kasema mdogo wetu asome.”

Ikawa hivyo kila Januari kwa miaka minne. Wazee wangu, mnakumbuka. Kabla ya hapo shemeji alikuwa akiitwa “yule kijana wa ng'ombe watatu,” kwa wale watatu wa mahari waliobaki. Baada ya hapo mkaanza kumwita mkwe wetu, na akija mnamtafutia kiti.

Usiku wa mazishi nilimpigia shemeji kumpa pole, na nikamshukuru tena kwa kunisomesha kama ninavyomshukuru kila mwaka. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, “Shemeji, mimi miaka ile nilikuwa sina hata hela ya kiberiti. Ni mwenzangu. Alikuwa anakwenda vibarua vya kuchuma zabibu kwenye mashamba ya watu, anatoka alfajiri, akirudi ndiyo anaingia shambani kwetu. Aliniomba nisikanushe. Alisema nikikanusha nitamvunjia heshima kwao.”

Miaka 18 alikaa na jambo hilo. Aliyelijua mwingine alikuwa amezikwa saa chache tu zilizopita, na angeweza kuendelea kupokea shukrani zangu hadi uzeeni. Alizirudisha kwa mwenyewe usiku uleule. Ndiyo maana nasema dada hakukosea kumchagua mume.

Tangu hapo sina utulivu. Kila kumbukumbu naichukua upya na kuigeuza upande wa pili. Muheme, kwa mfano. Mnakumbuka akina mama wakiipiga, ngoma imebanwa mapajani, mabega yanakwenda pamoja. Dada hakuwahi kukaa mbele. Alikaa nyuma pembeni, na mimi mtoto nilikuwa naona aibu kwamba dada yangu si hodari. Siku moja alikuwa na homa hakuja, na ngoma ikawa inakimbia, wa mbele wanageuka nyuma kutafuta kitu. Nilikuwa na umri wa miaka minane au tisa. Niliona, lakini sikuelewa nilichokiona.

Na mwezi wa tisa mwaka jana, treni ya umeme ilipokuwa haijatimiza hata miezi miwili tangu ianze kufika Dodoma, alipanda kwenda Dar kunipelekea mzigo kwa mtu aliyekuwa anasafiri kuja huku. Alinipigia akiwa kwenye kiti, akaielekeza simu dirishani nione mibuyu inavyokimbia, anacheka kama msichana. Walipofika kwenye mahandaki ya Kilosa simu ikakata. Kwenye mzigo mlikuwa na mlenda mkavu, karanga na ubuyu, na karatasi imeandikwa, “Kutoka kwa shemeji yako.” Tiketi pia aliniambia ni wewe uliyemkatia. Shemeji, hilo sijakuuliza, na sitakuuliza.

Mlenda ule nimeshaumaliza. Niliupika wote, kwa magadi na karanga, kama anavyopika yeye. Nilidhani nitautunza, lakini angenigombeza kuona chakula kinakaa.

Zabibu mtakazovuna mwezi wa tatu alizipogoa yeye. Mwishoni mwa Oktoba aliegemeza simu kwenye nguzo nikawa namtazama. Anashika tawi, analigeuza, anahesabu macho ya kuchipua kwa kidole gumba, anaacha mawili, anakata. Hakuwa anaangalia mkasi, alikuwa ananiangalia mimi na mkono unajua kazi yake. Aliniambia presha inamsumbua, nikamwambia anywe dawa, akasema anakunywa. Tukahamia kwenye mazungumzo ya bei, maana msimu uliopita wanunuzi walichelewa na watu wengi zabibu ziliwaozea. Tulizungumzia bei muda mrefu kuliko presha. Hilo halinitoki.

Wanangu, msisahau dawa ya salfa. Mvua zikishika hivi, ugonjwa wa ubwiri unga hausubiri mtu amalize msiba.

Baba zangu wakubwa, nimefika kwenu. Mimi ni mtoto na ni mwanamke, na kwenye mambo ya ng'ombe sina kauli. Lakini nimesikia kwamba ng'ombe watatu wametajwa tena msibani. Waliowataja wana haki yao kimila, siwalaumu. Ninaomba tu mkumbuke jinsi dada alivyoziweka zile noti mbele yenu moja moja, na jina la nani alilitaja. Alichuma zabibu za watu miaka minne ili mume wake aingie nyumba hii akiwa ameinua kichwa. Msimwinamishe leo, arobaini ya mke wake, na kaburi bado halijaota nyasi. Kama ng'ombe hao ni lazima, niandikieni mimi. Nitawalipa kidogo kidogo kutoka huku, na kwa jina la shemeji.

Nitapiga simu leo saa kumi na mbili jioni za huko. Mwanangu, asante kwa kusoma. Mpe bibi yako maji, kisha mkae naye.

Ni mimi mtoto wenu,
mama mdogo wa watoto